Mama anahitaji upasuaji wa mgongo: je, miwani ya uhalisia pepe inastahili kuuziwa kiwanja?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari, anameza vidonge. Mwaka mmoja na nusu sasa hawezi kutembea zaidi ya mita mia moja bila miguu yote miwili kuwaka moto na kufa ganzi. Akikaa au akiinama kidogo anapata nafuu. Alipigwa MRI tukaambiwa pingili ya L4 imeteleza juu ya L5 na mfereji umebana. Daktari wa hapa nchini amesema atamfanyia upasuaji na kumwekea skrubu nne. Wakati huohuo wakala wa matibabu ya nje ametutumia video ya daktari aliyevaa miwani mikubwa, anageuzageuza uti wa mgongo hewani, akasema hospitali yao hupanga kila upasuaji kwa uhalisia pepe na kwa hiyo hakuna kukosea hata milimita moja. Bei yao ni karibu mara mbili, itabidi tuuze kiwanja. Je, miwani hiyo ndiyo inayopasua? Mama ndiye ataivaa? Itaonyesha chanzo cha maumivu ambacho MRI haikukiona? Na tukimtibia hapa bila miwani, tutakuwa tumemkosea?"*

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalowanyima usingizi. Mkimpeleka mama kwa daktari bingwa mzoefu asiye na miwani hiyo, hamtakuwa mmemkosea. Kwa tatizo ulivyolieleza, yaani pingili ya nne ya kiunoni (L4) iliyoteleza juu ya ya tano (L5) na kuubana mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu, miwani inasaidia kidogo tu, tena katika hatua moja ya safari ndefu. Wapo wagonjwa ambao kwao msaada huo ni mkubwa sana, na nitawataja. Kwanza tunyooshe yale ambayo wakala ameyachanganya.

Miwani ya uhalisia pepe huonyesha tu picha ya kompyuta mbele ya macho; haipasui. Anaivaa daktari, siku kadhaa kabla ya upasuaji, akiwa ofisini kwake, mama akiwa nyumbani au wodini. Akimaliza kupanga anaivua, na siku yenyewe anaingia chumba cha upasuaji na vifaa vya siku zote: kisu, nyundo, koleo za kumegea mfupa, skrubu na vyuma vya kuziunganisha. Baadhi ya hospitali humvalisha mgonjwa pia kwa dakika chache ili ajionee pingili yake ilivyoteleza. Ni jambo jema, kwa sababu aliyeona huuliza maswali mazuri zaidi, ila hapo hakuna tiba.

Kuna kifaa kingine kinachofanana na hiki kwa sura, nacho huvaliwa wakati wa upasuaji wenyewe. Vioo vyake vinapitisha mwanga: daktari anamwona mgonjwa aliyelala mbele yake, na juu ya ngozi anaona mchoro wa mifupa iliyo chini. Huo unaitwa uhalisia ulioongezwa. Xvision ya kampuni ya Augmedics ilipata kibali Marekani mwishoni mwa 2019, na mwaka uliofuata madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins ya hukohuko waliitumia kuweka skrubu za uti wa mgongo. Uhalisia pepe hufunika macho kabisa, kwa hiyo hakuna anayepasua mtu akiwa ameuvaa. Mwulizeni wakala ni kipi kati ya hivyo viwili anachokizungumzia, kwa sababu kazi zake ni tofauti na maswali ya kuuliza ni tofauti.

Sasa lile la chanzo cha maumivu. Miwani haina jicho lake lenyewe ndani ya mwili. Haipigi picha yoyote. Inachokionyesha kimetoka kwenye picha za CT (za mionzi) na MRI (za sumaku) anazopigwa mgonjwa, na kama jambo halimo kwenye picha hizo, kwenye miwani halitakuwemo pia. Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu lote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mashine ya CT, ambayo mgonjwa wake wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971, huukata mwili kwa mionzi kama mkate wa slesi. Kila kipande hugawanywa vijisanduku vidogo, na kila kijisanduku hupewa namba kulingana na kiasi cha mionzi kilichozuiwa pale. Maji ni 0, hewa ni -1,000, na ganda gumu la mfupa hupanda mamia mengi hadi kupita 1,000. Namba hizo zina jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyebuni mashine yenyewe. Mtaalamu akiiambia programu ibakize vijisanduku vyenye namba kubwa tu, tuseme kuanzia 200 hivi kwenda juu, nyama na mafuta vinatoweka na mifupa inabaki imesimama peke yake. CT ni bingwa wa mifupa. Mishipa ya fahamu, diski na maji yanayoizunguka mishipa hiyo huonekana vizuri kwenye MRI, kwa hiyo picha hizo mbili hulazwa moja juu ya nyingine ndipo daktari aone mfupa na mshipa kwa pamoja.

Baada ya hapo kuna kazi ya mkono ambayo video za matangazo huwa hazionyeshi. Viungo vidogo vya nyuma vya pingili, hasa kwa mtu wa miaka 63 ambaye mfupa wake umeota vichomozo pembeni, huwa vimekaribiana kiasi kwamba programu huziona pingili mbili kama mfupa mmoja. Mtu lazima akae azitenganishe, kipande kwa kipande. Programu za siku hizi zinazojifunza zenyewe zimeifupisha kazi hiyo sana, lakini bado anahitajika mtu anayezijua pingili akague kabla daktari hajavaa miwani.

Mbona basi asitazame kwenye kompyuta tu? Wengi ndivyo wanavyofanya, na wanafanya vizuri. Daktari huzungusha gurudumu la kipanya, vipande vinapita kimoja baada ya kingine, naye anaijenga pingili kichwani mwake. Miwani inampunguzia kazi hiyo ya kujenga. Macho yetu mawili yametengana kwa sentimita sita hivi, kila moja linaona upande wake, na ubongo ukilinganisha picha hizo mbili ndipo tunajua kikombe kiko mbele ya birika. Miwani huliletea kila jicho picha yake, ikibadilika mara 72 hadi 90 kwa sekunde kufuata kichwa kinavyogeuka. Daktari akiinama, anaona chini ya pingili. Akisogea mbele, kichwa chake kinaingia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, anautazama mfupa unaobana kutoka upande ule ambao mshipa wenyewe unabanwa. Kioo cha kawaida cha kompyuta hakimpi mtazamo huo kwa kina hicho.

Akiwa humo anapanga mambo mawili makuu. La kwanza ni njia ya skrubu. Kila pingili ina mwili mzito mbele na upinde nyuma, na vinavyoviunganisha ni vikonyo viwili vya mfupa, kushoto na kulia. Skrubu hupita ndani ya kikonyo kutoka nyuma hadi mwilini. Ikitoka kwa upande wa ndani inaingia mferejini. Ikitoka chini inagusa mshipa wa fahamu unaopita hapohapo. Daktari huweka skrubu ya mfano, anachagua inapoanzia, mwelekeo wake, unene wake na urefu wake. Kwa L4 na L5 za mtu mzima mara nyingi ni skrubu ya unene wa milimita 6.5 na urefu wa 40 hadi 50. Kikonyo cha L4 kwa kawaida kina upana wa milimita 10 au zaidi, kwa hiyo nafasi ipo. Linganisha na pingili za kati ya mabega, T4 hadi T6, ambako kikonyo huwa na milimita 4 au 5 tu, na pembeni yake kuna ugwe mgongo wenyewe, ile kamba kuu ya fahamu inayoshuka kutoka ubongoni. Kamba hiyo huishia usawa wa L1 au L2. Mama yako atapasuliwa chini ya hapo, penye mishipa inayoelea majini na kuvumilia zaidi kuguswa. Kwa lugha nyingine, mahali pake ni mojawapo ya sehemu zenye nafasi kubwa kuliko zote mgongoni.

Jambo la pili ni kiasi cha mfupa cha kuondoa ili mishipa ipumue. Binafsi naona hapa ndipo miwani inapotoa msaada wa kweli zaidi kwa mgonjwa kama mama. Anayeondoa mfupa kidogo mno anaiacha mishipa bado imebanwa, na mgonjwa anarudi baada ya miezi mitatu na maumivu yaleyale. Anayeondoa mwingi mno, akala zaidi ya nusu ya kile kiungo cha nyuma pande zote mbili, anailegeza pingili na kuifanya iteleze zaidi. Kwenye modeli, yaani mfano wa pingili uliojengwa kutokana na picha hizo, daktari anaweza kumega kidogokidogo, kutazama, kupima, na kurudisha alichokimega. Kwa mgonjwa halisi hakuna kurudisha.

Hayo ndiyo mazuri yake. Sasa tuje kwenye ahadi ya "hakuna kukosea hata milimita moja", ambayo ni lazima niikanushe waziwazi.

Kosa la kwanza huanzia kwenye unene wa vipande. Mwili wa L4 una kimo cha milimita 27 hivi. CT ikikatwa kwa vipande vya milimita 5, pingili nzima inapata picha tano au sita, na kikonyo kinapata tatu. Programu italazimika kubahatisha kilicho katikati, na modeli itatoka na ngazi pembeni kama paa la mabati. Kwa kupanga skrubu vinatakiwa vipande vya milimita 1 au pungufu, vinavyofuatana bila pengo. Hospitali nyingi hupiga picha kwa vipande vyembamba halafu zikahifadhi vile vinene tu ili kupunguza ukubwa wa faili, kwa hiyo ombeni vyembamba mapema, kabla havijafutwa.

Kosa la pili ni mifupa myepesi. Mama ana miaka 63, amekwisha koma hedhi, na ana kisukari. Mfupa uliopoteza madini una namba ndogo kwenye CT, na ile amri ya "bakiza kuanzia 200" itautoboa matundu kwenye modeli mahali ambapo mfupa upo, ila ni dhaifu. Mtu asiye makini atashusha kiwango hadi matundu yazibe, na sasa modeli inaonyesha mfupa mnene na wenye afya kuliko ulivyo. Miwani inaonyesha umbo. Haionyeshi nguvu ya kushika skrubu. Nguvu inakadiriwa kwa kusoma namba zenyewe ndani ya mwili wa pingili. Namba ikiwa chini ya 110 kwenye L1 daktari anapaswa kuwaza udhaifu wa mifupa, aagize kipimo chake, na pengine aanze dawa za kuimarisha mifupa kabla ya kufunga skrubu yoyote. Skrubu iliyokaa katikati kabisa ya kikonyo dhaifu hulegea na kung'oka vilevile.

La tatu ni hili ambalo watu wengi hawalifikirii. Mama anaumia akisimama na kutembea. CT na MRI hupigwa akiwa amelala chali. Pingili iliyoteleza mara nyingi hurudi nyuma kidogo mtu akilala, na mfereji unapanuka. Kisha siku ya upasuaji atalazwa kifudifudi, na mgongo utachukua umbo la tatu. Modeli iliyo kwenye miwani ni ya mgongo uliolala chali, umetulia, haubebi uzito. Ndiyo maana eksirei ya bei ndogo kabisa, anayopigwa akiwa amesimama, mara moja ameinama mbele na mara moja amejinyoosha nyuma, itamwambia daktari kitu ambacho miwani ya mamilioni haiwezi: pingili inacheza au imetulia. Kama mama hajapigwa eksirei hiyo, hilo ndilo pengo kubwa zaidi kwenye faili lake leo.

La nne ni kuhesabu. Baadhi ya watu wana pingili sita za kiunoni, au L5 iliyoungana na sakramu, mfupa ulio chini yake. Ukiwa na modeli ya sehemu ya chini tu, kubwa na ya kupendeza mbele ya macho, ni rahisi kuita L4 kilicho L5. Upasuaji wa pingili isiyo yake ni kosa linalotokea duniani kote, na dawa yake ni ya kizamani: kuhesabu kwa picha inayoonyesha mahali pa kuanzia, kisha eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, sindano ikiwa imewekwa kwenye mfupa, kabla ya kuendelea.

La mwisho ni jinsi mpango unavyotoka kwenye miwani na kufika mgongoni. Mara nyingi unafika kichwani mwa daktari tu, anakumbuka alichokiona. Mahali penye mfumo wa kuongoza vifaa, mpango huingizwa kwenye kompyuta ya chumba cha upasuaji, nayo inaoanisha modeli na mgonjwa kwa kutumia kibano chenye alama kinachofungwa kwenye mwiba wa pingili. Msaidizi akikiegemea kibano hicho kwa kiwiko kikasogea milimita tatu, picha yote imehama milimita tatu, na mashine haijui. Timu nzuri hugusa mfupa unaofahamika kwa kijiti cha kupimia kabla ya kila skrubu na kutazama kama ncha ya kijiti kwenye kioo imekaa palepale. Faida ya mfumo huu ipo, na mnapaswa kuijua kwa kipimo chake. Uchambuzi mmoja wa 2007 uliojumlisha tafiti 130 na skrubu zaidi ya 37,000 ulikuta kwamba kwa wagonjwa, skrubu zilizokaa vizuri zilikuwa asilimia 95.2 palipotumika mfumo wa kuongoza na 90.3 pasipotumika. Nyingi kati ya zilizotoka zilipitiliza kwa kiasi kidogo, bila madhara. Hayo ni ya mfumo wa kuongoza ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa miwani ya kupangia kabla ya upasuaji, tafiti nyingi zilizopo ni za wagonjwa wachache, na hupima usahihi wa mpango au uelewa wa daktari kuliko zinavyopima kama mgonjwa anatembea vizuri baada ya mwaka.

Turudi sasa kwa mama mwenyewe, kwa sababu kuna maswali mawili mazito kuliko miwani.

Je, ni mgongo kweli? Mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na miguu inayowaka moto kwa sababu sukari imeharibu mishipa midogo ya fahamu ya nyayo. Anaweza pia kushindwa kutembea kwa sababu mishipa ya damu ya miguu imeziba. Maelezo yako yanaelekea mgongoni: anapata nafuu akikaa au akiinama, na pengine utagundua anapanda mlima kwa urahisi kuliko kushuka, kwa sababu anayepanda huinama mbele na mfereji unafunguka. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba hupata nafuu kwa kusimama tu, hata akiwa wima. Lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Daktari amguse mapigo ya juu ya mguu na ya kifundoni, na alinganishe presha ya kifundo na ya mkono. Ya kifundo ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, kuna tatizo la damu ambalo skrubu hazitaligusa. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Kisukari cha muda mrefu wakati mwingine hukidanganya, kwa kuifanya mishipa iwe migumu na presha isomeke juu, kwa hiyo daktari akiwa na shaka ataongeza kipimo cha mawimbi ya sauti.

Swali la pili: je, anahitaji skrubu? Hapa naomba msome polepole. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Norway uliofanywa katika hospitali 16 kwa wagonjwa 267 wenye tatizo la aina hii hasa, pingili moja iliyoteleza kwa uchakavu na mfereji uliobana. Nusu walifunguliwa mfereji tu, nusu walifunguliwa na kufungwa skrubu. Baada ya miaka miwili, waliofunguliwa tu hawakuwa nyuma ya wenzao kwa kiwango cha maana. Kuna utafiti wa Marekani wa 2016 ulioonyesha faida kiasi ya kuongeza skrubu, na wa Sweden wa mwaka huohuo haukuiona. Kwa hiyo madaktari waaminifu bado wanatofautiana. Kinachoamua ni kama pingili inacheza kwenye ile eksirei ya kusimama, kama maumivu ya mgongo wenyewe ni makubwa kuliko ya miguu, na kiasi cha mfupa kitakachoondolewa. Ikiwa pingili ya mama imetulia na shida yake kuu ni miguu, mwulizeni daktari kwa adabu: "Daktari, tukifungua mfereji tu bila skrubu, mama atapoteza nini?" Jibu likiwa la kufungua tu, upasuaji unakuwa mfupi, damu inapotea kidogo, gharama inashuka, na suala la kupanga njia ya skrubu kwa miwani linaisha lenyewe. Na kama bado hajapewa wiki kadhaa za mazoezi tiba yanayosimamiwa, hilo nalo liulizwe, maana tatizo hili kwa wengi huenda taratibu na kuna muda wa kujaribu, ilimradi hakuna dalili za hatari nitakazozitaja.

Ni nani basi ningemwambia atafute hospitali yenye teknolojia hii, hata kwa kusafiri? Mtoto mwenye mgongo uliopinda na kujizungusha sana, ambaye vikonyo vyake upande mmoja vimebaki kama waya. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa aliyebaki na kibiongo kikali, pingili tatu zimesagika na kuungana bila mpangilio, kiasi kwamba alama za kawaida za mfupa hazipo tena. Mwenye uvimbe uliozunguka ugwe mgongo. Mwenye tatizo la pingili mbili za juu kabisa za shingo, mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu uendao ubongoni hupita ndani ya mfupa wenyewe, na kwa watu wengine hupanda juu kuliko kawaida, palepale skrubu inapotakiwa kupita. Aliyekwisha pasuliwa mara mbili na mfupa wake umejaa makovu; ingawa kwake skrubu za zamani hutapanya miale kwenye CT na kuiharibu picha, za chuma cha pua zaidi kuliko za titani. Kwa watu hawa, saa moja ndani ya miwani inaweza kubadili mpango mzima wa upasuaji.

Kwa mama, kiwanja kikibaki, pesa ziende kwenye mambo haya. Kwanza, picha. Umeandika kwamba alipigwa MRI; nadhani mlichopewa ni ile filamu nyeusi ndani ya bahasha ya kaki. Filamu ina picha ndogondogo ishirini hivi zilizochaguliwa kati ya mamia, na hakuna programu inayoweza kujenga modeli kutokana nayo. Rudini idara ya mionzi mkaombe faili zote za DICOM (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi picha za hospitali) kwenye CD au flashi, zifungueni hapohapo kuhakikisha hazina kasoro, na nakala mbaki nayo nyumbani. Mkiwa nazo mnaweza kuzituma kwa daktari wa pili, awe wa Nairobi, wa Dar es Salaam au wa ng'ambo, akatoa maoni yake kabla hamjalipa nauli ya ndege. Upasuaji wa kufungua mfereji na kuunga pingili kwa skrubu unafanyika hapa Afrika Mashariki. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni mojawapo ya mahali pa kuuliza. CT msikimbilie kuipiga kwa ajili ya miwani tu: ya kiuno humpa mtu mionzi sawa na ile ya asili ya miaka miwili au mitatu, si ya kutisha, lakini iwe na sababu.

Pili, sukari. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, madaktari wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 7.5 au 8 kabla ya kuweka vyuma mwilini. Sukari iliyopanda huleta usaha kwenye kidonda na huchelewesha mfupa kuungana. Maambukizi hayo mara nyingi hujitokeza kati ya wiki ya pili na ya nne, yaani wakati mgonjwa wa nje ameshapanda ndege na kurudi. Kabla ya kusafiri, mjue kwa jina daktari wa hapa atakayemwona wiki hiyo, na ripoti ya upasuaji pamoja na aina ya skrubu zilizowekwa virudi naye kwa maandishi.

Tatu, daktari mwenyewe. Mwulizeni, iwe wa hapa au wa kule: anafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwezi, wangapi amelazimika kuwarudisha chumbani, na ndani ya chumba anathibitisha vipi kwamba skrubu imekaa sawa. Daktari mzuri hujibu maswali haya bila kukasirika. Akiwa na miwani pia, vizuri, aitumie.

Yapo mambo ambayo hayasubiri jibu langu wala la wakala. Mama akianza kupata ganzi sehemu za siri na makalioni, mahali panapogusa tandiko mtu akipanda farasi. Akishindwa kukojoa au mkojo na haja kubwa vikimtoka bila kujua. Miguu ikilegea, au unyayo ukianza kuburuzika na kandambili kumvuka bila yeye kujua, kwa lolote kati ya haya mpelekeni hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata usiku, na mseme dalili hizo kwa maneno hayahaya. Mishipa ya chini ya mgongo iliyobanwa kiasi hicho huhesabiwa kwa saa. Homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito, au maumivu yanayomwamsha akiwa amelala navyo vinataka aonwe ndani ya siku chache, kwa kuwa vinaelekeza kwenye kifua kikuu cha mifupa au uvimbe, na hapo mpango wote wa L4 na L5 unaandikwa upya.

Kama hana hata moja kati ya hizo, wiki hii fuatilieni ile eksirei ya kusimama na faili za MRI, mkaanze navyo kwa daktari wenu wa hapa.